Picha ya Lori na Shangazi Yangu

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye mkutano wa ndani wa vijana wa chama, Butimba, Mwanza. Wengi mliokosa kufika mmeomba maandishi. Nimeyaacha karibu kama nilivyozungumza, pamoja na swali la mzee mmoja aliyenikatiza katikati.)

   

Katibu kanipa dakika ishirini nizungumzie wakimbizi na wahamiaji na jinsi picha za habari zinavyoamua siasa zao. Najua kuna watu wameshaanza kujiuliza: huyu vipi, bei ya sukari iko pale, maji yanakatika, yeye anatuletea wakimbizi? Naombeni subira. Naanza na jambo letu wenyewe, tena la aibu.

Mnakumbuka wakati wa uandikishaji wa wapiga kura ilirushwa picha kwenye grupu letu. Usiku, Fuso limejaa watu, akina mama wamejifunga vitenge, mabegi, ndoo, watoto wamelala juu ya mizigo. Chini yake maneno: "Wanaletwa kutoka mpakani kuja kujiandikisha. Sambaza kabla haijafutwa." Wangapi hapa waliisambaza? Nyoosheni mikono, tusidanganyane. Haya, naiona. Na wangu uko juu. Mimi niliirusha kwenye magrupu manne.

Siku ya pili yake shangazi yangu akanipigia. Kwanza salamu, kama kawaida yake, habari za nyumbani, watoto hawajambo. Halafu akasema: "Mwanangu, mbona mmetuweka kwenye simu?" Nikamwuliza, mmewekwaje shangazi? Akasema, "Lile Fuso. Mimi ndiye yule wa kitenge cha njano, nimekaa karibu na bomba. Tulikuwa tunatoka msibani Biharamulo."

Jamani. Nilirudi kuiangalia ile picha. Kweli ni yeye. Nimeisambaza picha ya shangazi yangu aliyenilea nikimwita mamluki kutoka nje ya nchi, na sikumtambua. Sikumtambua kwa sababu sikuangalia. Nilisoma maneno, halafu macho yakaona kile maneno yalichosema.

Na siyo yeye aliyeumia zaidi. Kwenye lile lori alikuwemo mama mmoja mzaliwa wa Ngara, Mhangaza, anauza dagaa. Mnajua Kihangaza na Kirundi vinakaribiana sana. Yule mama baada ya ile picha watu wakaanza kumwuliza sokoni, wewe kitambulisho chako kiko wapi? Wewe ni wa wapi hasa? Alikaa nyumbani wiki nzima bila kufungua biashara. Hilo tulilifanya sisi, vijana wa mageuzi, kwa bando letu wenyewe.

Ndiyo maana nikaomba nipewe mada hii.

Mwanza tunajua kupigwa picha

Watu wa hapa tusijifanye hatujui picha inaweza kufanya nini. Mwaka 2004 ilitoka filamu inaitwa Darwin's Nightmare. Mtengenezaji wake ni Hubert Sauper, Mwaustria, na aliirekodi hapa hapa Mwanza. Sangara, viwanda vya minofu, ndege za mizigo, watoto wa mitaani, na mapanki yanayokaushwa juani. Ilishindanishwa kwenye tuzo za Oscar za mwaka 2006. Ulaya watu waliiangalia, wengine wakasema hawali tena samaki wa Ziwa Victoria.

Mwaka huohuo Rais Kikwete akailaani hadharani, na hapa mjini yakafanyika maandamano ya kuipinga. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, lakini nakumbuka watu wazima walivyokuwa na hasira. Na wengi wao hawakuwa wameiona. Kilichowauma ni kitu kimoja: mji mzima wenye walimu, wavuvi, mafundi, wanafunzi, kwaya na timu za mpira umefanywa kuwa mapanki na wadudu. Mtu wa Paris akisikia Mwanza, anaona lile tu.

Sitaki tubishane leo kama filamu ilisema kweli au uongo. Yalikuwemo ya kweli, na serikali iliyapigia kelele picha kuliko ilivyopigia kelele umaskini. Ninachotaka tukumbuke ni ile hasira. Ile hisia ya kuambiwa "ninyi ndio hawa" na mtu aliyechagua upande mmoja wa kuelekeza kamera. Sasa chukueni hasira hiyo, mwazime Mrundi wa kambini na Mkongo wa Nyarugusu. Wao hilo linawapata kila siku, na hawana pa kuandamana.

Daraja la Rusumo

Twende 1994. Wazee hapa wanakumbuka. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa kama saa 24. UNHCR ilisema haijawahi kuona watu wengi namna ile wakivuka kwa haraka vile. Kambi ya Benaco ikazaliwa. Wapiga picha wakaja kutoka kila pembe ya dunia, akiwemo Sebastião Salgado wa Brazili, ambaye picha zake za Benaco zimezunguka dunia nzima. Mkiziona mtaona moshi, mahema na umati usio na mwisho.

Na chini ya daraja, Mto Kagera ulikuwa unaleta maiti. Wale walioletwa na maji walifika hadi ziwani kwetu, wakazikwa kwenye fukwe, wengi upande wa Uganda. Watu wa kandokando ya ziwa waliogopa kula samaki.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Mauaji ya kimbari yalianza tarehe 7 Aprili. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza askari wake Rwanda wabaki 270 tu. Watu walikuwa wanauawa kila siku, mpaka wakafika laki nane au zaidi kwa muda wa kama siku mia moja. Picha za mauaji yenyewe zilikuwa chache sana, kwa sababu wapiga picha wengi walishaondoka au hawakuweza kufika. Halafu Julai watu karibu milioni wakavuka kwenda Goma, kipindupindu kikaingia, kamera zikajaa Goma. Hapo ndipo dunia ikatuma ndege, askari, maji na dawa.

Mnaiona shida yake? Dunia ilichelewa kwa wale waliokuwa wanauawa bila kamera, ikakimbilia pale palipokuwa na kamera. Na ndani ya umati ule wa Goma na Benaco walikuwemo wengi wasio na hatia, wazee na watoto, na walikuwemo pia wauaji waliokimbia na panga zao na uongozi wao. Picha ya umati haiwezi kukuambia nani ni nani. Inakuambia tu kwamba ni wengi.

Na neno "wengi" lina siasa yake. Siku ya kwanza wengi wanaleta huruma, lakini wakishakaa mwaka wanaanza kuleta hofu. Tarehe 31 Machi 1995 Tanzania ikafunga mpaka. Desemba 1996 serikali, pamoja na UNHCR, ikatangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Kuna waliojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wanajeshi wakawageuza. Daraja likawa lilelile la Rusumo, umati uleule, safari hii wanakwenda upande wa pili. Ukiweka picha ya Aprili 1994 na ya Desemba 1996 pamoja bila maelezo, huwezi kujua ipi ni ya watu wanaopokelewa na ipi ni ya watu wanaofukuzwa.

Hapo ndipo mzee mmoja alinyoosha mkono akanikatiza. Alisema hivi: "Kijana, unaongea vizuri, lakini mimi nilikuwa Karagwe miaka ile. Misitu ilikwisha. Bunduki zilizagaa, mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi. Hayo nayo ni picha?"

Nikamjibu, mzee wangu, hapana, hayo siyo picha, hayo ni kweli. Watu wa Ngara, Karagwe, Kibondo na Kasulu walibeba mzigo ambao sisi wa mjini hatukuubeba, na mtu anayewaambia wanyamaze wasilalamike hana adabu. Lakini jambazi ana jina. Jambazi anakamatwa, anapelekwa mahakamani, anafungwa hapa Butimba kama wengine. Ukishaweka watu nusu milioni kwenye fremu moja ukasema "hawa ndio ujambazi", umeacha kumtafuta jambazi. Unatafuta kabila. Na sisi tunaodai utawala wa sheria kila siku hatuwezi kuidai kwa ajili yetu tu.

Mzee alitikisa kichwa. Alisema ataendelea kufikiri. Namheshimu kwa hilo.

Picha moja, siasa mbili

Msidhani ni Afrika tu. Septemba 2, 2015, mtoto mdogo Mkurdi kutoka Syria, Alan Kurdi, alikutwa amekufa ufukweni karibu na Bodrum, Uturuki. Mpiga picha Nilüfer Demir akapiga. Mnaikumbuka, fulana nyekundu, uso kwenye mchanga. Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, ambaye siku hiyohiyo alikuwa anasema kupokea wakimbizi zaidi siyo jibu, baada ya siku tano akatangaza kuwapokea Wasyria 20,000 kwa miaka mitano. Maiti ya mtoto mmoja ilifanya kazi ambayo takwimu za miaka minne ya vita hazikufanya.

Haikupita hata mwaka. Oktoba 2015 mpiga picha Jeff Mitchell alipiga picha ya msururu mrefu wa wakimbizi wakitembea huko Slovenia. Kazi ya kawaida ya habari. Juni 2016, wiki moja kabla ya kura ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, Nigel Farage akaifanya bango kubwa la kampeni, kwamba nchi imefika mwisho wa uvumilivu. Watu wale walikuwa Slovenia, hawakuwa Uingereza. Lakini bango likapita, na kura mnajua ilikwendaje.

Angalieni tofauti. Mtoto mmoja mwenye jina alileta huruma. Msururu usio na majina ulileta hofu. Na wengi wao walikuwa wanakimbia vita. Mwanasiasa anayetaka ufungue mlango atakuonyesha mtoto, na anayetaka uufunge atakuonyesha msururu. Sasa ile picha yetu ya Fuso ilikuwa ipi kati ya hizo mbili? Jijibuni wenyewe.

Kamera zikiondoka

Mei 2015, kabla hata ya Alan Kurdi, Warundi walikimbia vurugu za Nkurunziza kutaka muhula wa tatu. Makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikaua watu. MV Liemba, ile meli kongwe, ikawa inawabeba kwenda Kigoma. Picha za ule ufukwe zilizunguka dunia na misaada ikaja.

Halafu kamera zikaondoka. Nini kilifuata? 2017 mgawo wa chakula kambini ukakatwa kwa kukosa fedha. Ombi la msaada kwa wakimbizi wa Burundi limekuwa miongoni mwa yale yanayochangiwa kidogo zaidi duniani. Mwanzoni mwa 2018 serikali yetu ikajitoa kwenye mpango wa kimataifa wa kuwahudumia wakimbizi, ikataja usalama na ukosefu wa fedha. Agosti 2019 ikakubaliana na Burundi, na ikatangazwa kwamba kuanzia Oktoba watarudishwa 2,000 kila wiki. Novemba 2020 Human Rights Watch ikatoa ripoti kuhusu wakimbizi wa Kirundi waliotekwa na kuteswa hapa nchini, wengine wakakabidhiwa Burundi.

Nani hapa ana picha ya hayo kichwani? Hata moja. Hamna. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha serikali. Kwa sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998, na mkimbizi mwenyewe akitaka kutoka eneo alilopangiwa anahitaji kibali. Kwa hiyo yeye hatoki kusema, na mwandishi haingii kusikia. Kisichopigwa picha hakina kelele, na kisicho na kelele hakina gharama kwa anayetawala. Sisi wapinzani tunalijua hili kuliko mtu yeyote. Mikutano ya hadhara ilipopigwa marufuku mwaka 2016, lengo lilikuwa tusionekane.

Na kuna picha nzuri ambayo nayo haikuzunguka. Mwaka 2014 nchi hii ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia Warundi wa mwaka 1972 na watoto wao, watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wapatao 162,000. Ni nchi chache sana duniani zimewahi kufanya jambo la namna hiyo kwa mkupuo. Tungeweza kujivunia. Mtu ameshika cheti, anacheka, amekuwa Mtanzania. Nani aliirusha kwenye grupu? Hakuna, kwa sababu haiogopeshi mtu.

Leo shangazi, kesho wewe

Nimalizie na siasa yetu kabisa.

Mwaka 2001 serikali ilimtangaza Jenerali Ulimwengu kuwa siyo raia. Mtu aliyekuwa mwandishi, mkuu wa wilaya na mbunge. Ghafla, mgeni. Mwaka 2019 mwandishi Erick Kabendera alipokamatwa, maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba wanachunguza uraia wake. Baadaye mashtaka yakageuka kuwa ya uhujumu uchumi. Wote ni wakosoaji, na wote asili yao ni mkoa wa Kagera.

Mwaka 2013 ilipita Operesheni Kimbunga, Kagera, Geita na Kigoma. Kati ya waliofukuzwa walikuwemo watu waliozaliwa hapa, waliooa hapa, waliozika wazazi wao hapa.

Basi kila mara tunaporusha picha ya "wageni wanaletwa", tunanoa panga ambalo mpini wake haujawahi kuwa mikononi mwetu. Tunawazoesha Watanzania kuamini kwamba mtu anaweza kutazamwa pua, lafudhi na kitenge, akaambiwa siyo wa hapa. Siku ukimkosoa mkubwa, wataangalia pua yako.

Narudia ili tuelewane: kama kuna mtu anaandikishwa kupiga kura bila sifa, tupeleke pingamizi. Sheria inaruhusu. Jina, kituo, ushahidi. Hiyo ni kazi ya chama makini. Picha ya lori usiku siyo ushahidi.

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo matatu, na katibu ayaandike.

Moja, kabla ya kurusha picha ya watu, jiulize: imepigwa wapi, lini, na nani? Kama hujui hata kimoja, iache ife kwenye simu yako.

Pili, uliza picha inataka ufanye nini. Kama maneno yanakuharakisha, "sambaza kabla haijafutwa", jua kuna mtu hataki uangalie.

Tatu, chama chetu kidai waandishi waruhusiwe kuingia kwenye kambi za wakimbizi bila vikwazo. Kama tulivyodai Bunge lionekane mubashara, tudai na kambi zionekane. Na hapa Butimba hatuna kisingizio. SAUT iko hapo Malimbe, inafundisha waandishi. Tuwaalike, watufundishe kuandika maelezo ya picha yenye jina na tarehe.

Mkutano umekubali yote matatu, na umekubali pia turushe masahihisho ya ile picha kwenye magrupu yote tuliyoirusha. Mimi nimeshaanza na manne yangu.

Nilimwomba shangazi tumpige picha moja nzuri iende na masahihisho, akiwa na kitenge chake cha njano, watu wamwone. Amekataa. Amesema, "Picha imetosha, mwanangu. Andikeni tu kwamba tulitoka msibani."

Basi nimeandika. Walitoka msibani.